Mkeka wa Kuanikia Mpunga

Mahege, Mfungo Nne, siku ya 9

Kwa jina lake Yeye aliyeniachia mikono na macho. Salumu mume wangu, nakuandikia kwenye karatasi za marehemu baba, zile alizokuwa akiwaandikia watoto wa chuo. Uliwahi kunicheka ukasema mke ajuaye herufi iko siku atamshitaki mumewe kwa kadhi. Basi leo zimefaa. Tangu askari wakukamate kule Mkongo wakakutwika mizigo ya vita vyao, sina wa kuzungumza naye ila mwanao Mwanaidi, na habari zake zote ni za vifaranga. Ukirudi nitakusomea kila kitu, neno kwa neno, hata yale ya dada yako. Hasa yale ya dada yako.

Siku ya 10

Mvua. Ndiga tena, vile viazi vya porini, leo na kesho. Mwanaidi kagoma kula.

Siku ya 14

Leo tumekutana barazani kwa Bi Mashavu kuuendeleza ukili wa Maulidi. Wewe mwanamume huyajui haya, umezoea kuona mkeka umekwisha kushonwa, umetandikwa uwanjani kwa msikiti asubuhi ya Maulidi, na watu wa Chumbi na Kibiti wanauzunguka na kusema mashallah. Kila mtaa na mkeka wake, na sisi mtaa wetu hatujawahi kuaibika. Lakini mkeka mkubwa vile ni ukili mmoja, utepe mrefu wa mikono mingi, unasukwa miezi kabla haujashonwa. Wa mwaka huu aliuanza mama yangu. Homa ilimchukua wakati wa vuli akiwa hajafika mbali, ila kichwa cha ukili ni chake, weusi wa mdaa na wekundu, umekazwa hata maji hayapiti. Ndicho kitu cha mwisho alichokishika. Nikilikunjua lile kunjo nauweka mkono wangu pale pale ulipokuwa wake.

Tuko wanne. Bi Mashavu ndiye mkubwa wetu sasa. Yule Tabu, mke mpya wa mpwa wake, mwaka huu ndiyo kwanza karuhusiwa kutia mkono wake, na furaha aliyo nayo utadhani kapewa nyumba. Mimi, na dada yako Zabibu.

Salumu, dada yako hajui kukaza. Nilimwambia mbele ya watu, "Wifi, huo mkeka au wavu wa kambare?" Akanijibu bila kuinua macho, "Na weye wifi unavyokaza, huo ukindu umekukosea nini?" Bi Mashavu alicheka mpaka akakohoa. Mwanaidi alikuwa pajani pangu akitafuna ncha za ukindu, kama kawaida yake. Namkataza, hakatazwi.

Unaukumbuka mkeka tuliopewa na Zabibu siku ya harusi yetu? Nimeufanya wa kuanikia mpunga. Juzi alipita uani akaukuta, kuku wako juu yake wanadonoa. Akautazama, akatazama kando, akaomba maji ya kunywa. Nilijua kaumia. Nikafurahi, Mungu anisamehe, lakini nimekwisha kuahidi kuandika kweli.

Siku ya 21

Wamekuja watu kutoka milima ya Umatumbi. Mashamba yao yametiwa moto, maghala yao yametiwa moto. Waliambiwa risasi zitageuka maji, sasa wanaomba maji ya wali kwa majirani. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, kamfunika gubigubi. Bi Mashavu alimfunua akamfunika upesi. "Ndui," akasema. Yeye anaijua, uso wake mzima umetobolewa nayo tangu utotoni. Yule mama tumemjengea kibanda ng'ambo ya mfereji. Mtoto kafa kabla ya magharibi.

Siku ya 22

Jumbe Mwinyimvua kapiga mbiu. Hapana kukusanyika. Swala kila mtu kwake, na mwenye ndui mlangoni afunge jani la mgomba ili watu wamwepuke. Maulidi? Kasema labda.

Tukasimama mbalimbali njiani, sisi wasukaji, kama watu waliogombana. Tabu analia, mwaka wake wa kwanza ndiyo huu. Bi Mashavu akasema ukili haulali. Tutausuka kwa zamu, kila mtu nyumbani kwake, na mwenye kumaliza kipande chake atautia kapuni na kulitundika kapu uani kwa mwenzake, pasipo kuonana. Kutoka kwangu uende kwa Bi Mashavu, kwa Tabu, kwa Zabibu, urudi kwangu. Tulifurahi. Tuliona tumeipita ndui akili.

Dada yako tu akauliza, "Na mate je? Sote tunalainisha ukindu mdomoni."

"Basi tieni maji," akasema Bi Mashavu, na sote tukacheka, yeye mwenyewe akiwemo. Nani anasuka kwa maji? Ukindu wa maji unateleza, ncha haishiki, mkeka unalegea. Nikamwambia, "Wifi, wako umekwisha kulegea, weye tia tu." Zabibu hakucheka.

Siku ya 28

Kapu limerudi! Nilikaa nalo mlangoni nikawa nausoma ukili kwa vidole. Hapa Bi Mashavu, mwendo wake wa pole, hakosi. Hapa Tabu, kaanza kwa woga, mbele kidogo mkono umechangamka, mwishoni kajitia kuchanganya nyekundu tatu tatu bila kuambiwa. Nilicheka peke yangu. Ni kama wamepita barazani kunisalimu.

Halafu kipande cha wifi. Nikakifumua. Nimekisuka upya, nimekikaza. Nani atajua?

Mfungo Tano, siku ya 3

Askari wamepita wakachukua mbuzi wawili wa jumbe na mpunga wa kila nyumba. Wangu niliokuwa nimeanika walikuwa hawajauona, niliukunja ndani ya mkeka nikaukalia. Mtu wa Chumbi asema alikuona Mohoro. Umekonda, uko hai. Alhamdulillahi, uko hai.

Siku ya 7

Zabibu alisimama ng'ambo ya ua wangu, mbali, akimtazama Mwanaidi akicheza. Yeye hakujaliwa mtoto, unajua, na mwanao anamwita "mama shangazi". Akaniuliza, "Wifi, ndui ikiingia katika ukili tutafanyaje?"

"Itaingiaje? Ukili una damu?"

"Nauliza tu. Ikiingia?"

Nikamwambia ukweli wangu. "Sikiliza. Kichwa cha ukili ule ni mkono wa mama yangu. Hata utoke kaburini nitaupokea. Hata utoke motoni nitauchomoa."

Akaniangalia sana. Akasema, "Haya, wifi," akaenda zake.

Siku ya 10

Ukili uko kwa Tabu na haufiki mbele. Ametuma neno kwamba bado kidogo, kichwa tu kinamwuma, anataka kukimaliza kipande chake kabla hajautoa. Mwacheni mtoto wa watu afurahi.

Siku ya 11

Kapu limefika kwa Zabibu jana, nimeambiwa. Baada yake ni zamu yangu. Nimeloweka mdaa.

Siku ya 13

Sijui nianze wapi. 

Asubuhi niliona moshi uani kwa dada yako. Moshi mzito, mweupe, na harufu yake naijua tangu nizaliwe, ni harufu ya ukindu unaoungua. Nikakimbia. Mwanaidi akanifuata, sikumwona.

Salumu, alikuwa amesimama mbele ya moto, na ukili wetu umo ndani. Kunjo zima. Lilikuwa linajikunjua lenyewe kwa joto, weusi na wekundu wa mama vikawa vinapanda juu ya kuni kisha vinakuwa si kitu. Nikapiga ukelele. Nikataka kuruka ule ua wake wa miti. Akaokota mchi akaniinulia. Dada yako! "Usivuke! Mwanamina, Wallahi ukivuka nakupasua kichwa!"

"Una wazimu? Ni wa mama yangu huo!"

"Najua ni wa nani. Rudi kwako."

Mwanaidi alikwisha kupenya chini ya ua, anamwendea kama siku zote, mikono mbele, "mama shangazi". Zabibu akachomoa kuni yenye moto akamtupia miguuni. Mtoto wa ndugu yake. Cheche zimemwunguza kidole. Alilia, si kwa maumivu, alilia kwa kushangaa. Nilimvuta nikamkumbatia, nikasema mbele ya wote waliokuja kutazama: Ewe Zabibu, tumbo lako Mungu alilijua ndiyo maana hakuweka kitu ndani yake.

Nimesema hivyo. Yeye aliendelea kuuchochea moto kwa mchi mpaka hapakubaki hata unyuzi.

Siku ya 14

Tabu ana ndui. Mlangoni kwao wamefunga jani la mgomba. Basi tumejua sasa. Dada yako alisikia kabla yetu, akaogopa ngozi yake, akachoma kazi ya watu. Mwoga. Angeuanika juani. Angeufukiza moshi. Angekata kile kichwa cha ukili cha mama akakitundika juu ya mti mpaka masika ipite. Hakuna. Alijiwazia yeye.

Mama amekufa mara ya pili, na huyu ndiye aliyemwua.

Siku ya 15

Mvua.

Siku ya 20

Tabu amefariki. Alikuwa bado na hina ya harusi kwenye kucha, anasema Bi Mashavu aliyemwosha. Yeye tu ndiye anayeingia katika nyumba hizo, maana ndui haimrudii mtu. Nimelia mpaka sauti imekwisha. Nilimkumbuka na nyekundu zake tatu tatu. Hata hizo hazipo tena, zimechomwa.

Siku ya 25

Jani la mgomba mlangoni kwa Zabibu.

Nimeandika hayo nikakaa. Nilitaka nijisikie vibaya. Sikujisikia.

Siku ya 28

Bi Mashavu alikuja, akasimama mbali, akaniita. "Mwanangu, wifi yako hali chochote ila uji wa wali. Mdomo wote vidonda. Kwangu mpunga umekwisha. Nipe kibaba."

Nikamwambia mpunga wangu ni wa mwanangu.

"Kibaba tu, Mwanamina."

"Akale majivu. Anayo mengi."

Aliniangalia na ule uso wake uliotobolewa, hakunigombeza. Akageuka akaenda. Mpunga wangu ulikuwa pale uani, umeanikwa, unametameta kwa jua dogo lililotoka. Nimekupa ahadi ya neno kwa neno, ndilo hilo.

Mfungo Sita, siku ya 2

Mwanaidi anauliza mama shangazi lini ataacha kukasirika.  Kidole chake kimepona.

Siku ya 6

Amefariki alfajiri. Wanaume waliochimba kaburi ni watatu tu, na jumbe alisimama mbali akasoma. Mimi nilisimama mlangoni kwangu. Watu walinitazama kuona kama nitalia, na mimi nikawatazama.

Siku ya 7

Salumu. Ee Mola wangu. Salumu.

Bi Mashavu alikuja baada ya adhuhuri. Amechoka, macho yamemwingia ndani. Akakaa juu ya kinu, hatua kadhaa kutoka kwangu, akasema kaniletea maneno ya marehemu, na kwamba aliapishwa asiyatoe mpaka azikwe.

Nikasema, "Sitaki maneno yake."

"Utayasikia, utake usitake. Nimemwosha kwa mikono hii." Akavuta pumzi. "Siku ile anachoma, weye ulidhani anajikinga nini?"

"Ndui. Alisikia Tabu kaugua."

"Alisikia, ndiyo. Alisikia akiwa amekwisha kusuka siku mbili. Kipande chote, mwanangu, na kila ukindu kautia mdomoni kama sote. Akiwa ameshika mwisho ndipo akaliona gamba dogo la kidonda limenasa katika msuko wa Tabu. Akajua. Aliniambia, 'Bibi, mimi nilikwisha. Kuuchoma kusingenifaa kitu.'"

Nikauliza kwa nini basi. Niliuliza na jibu nalijua, lilikwisha kunifika miguuni.

"Zamu ilikuwa ya nani baada yake?"

Nikamtafuta Mwanaidi kwa macho.

"Kasema, 'Wifi akikaa kusuka, mtoto yuko pajani anatafuna ncha.'"

Salumu, nilikaa chini mchangani. Bi Mashavu hakunisogelea, hakuweza, nguo zake zina kifo. Tukaliliana hivyo kwa mbali. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Neno moja tu, ng'ambo ya ua. Wifi, ukili umeingia. Nisingeelewa?

"Nilimwuliza hilo hilo. Kasema, 'Nikimwambia, atakuja na kisu akate kichwa cha mama yake. Aliniambia mwenyewe hata motoni atauchomoa. Namjua wifi yangu.' Nikamwambia basi ungemwambia baadaye, uliposhikwa, mtoto wa watu asibaki na kinyongo. Akasema, 'Hapana. Akijua atakuja kuniuguza. Acha anichukie, mwenye hasira haji.'"

Nilikumbuka mchi. Nilikumbuka kuni ya moto miguuni kwa Mwanaidi, miguuni, si mwilini, alipima. Alimtupia mtoto anayempenda kuliko wote moto ili amwogope. Na mtoto akamwogopa. Yeye akabaki na jambo hilo peke yake siku zote zile, mdomo vidonda, na mimi nikamnyima kibaba cha mpunga.

"Alisema neno juu ya yale niliyomwambia?" nikauliza. "Ya tumbo lake?"

Bi Mashavu akainuka, akajishika kiuno. "Hilo hakulisema," akajibu. "Nami sikumwuliza."

Siku ya 8

Mwanaidi hana homa. Nimemfunua nguo zote nikamtazama juani, mgongo, makwapa, kila mahali. Ngozi yake safi.

Siku ya 10

Jumbe kasema Maulidi hapatakuwa na mkusanyiko, ila mji usikae giza. Kila mtaa utundike mkeka wake juu ya ua wake, watu wapite njiani mmoja mmoja watazame, wasiguse, wasisimame. Bi Mashavu kaniuliza mtaa wetu utatundika nini. Nikamwambia hatuna.

Nimejaribu kuanza ukili mpya. Nilitaka kusuka kwa mkono wake, ule uliolegea, ili angalau pawe na kipande chake. Siwezi. Kila nikisuka unakaza. Nikataka nitazame alivyokuwa akifanya, nikakumbuka kile kipande chake nilikifumua mwenyewe nikakisuka upya, nikasema nani atajua.

Siku ya 12, Maulidi

Asubuhi niliumwaga mpunga kutoka juu ya ule mkeka. Mkeka wake wa harusi yetu. Nikaukung'uta. Umechakaa katikati, umetobolewa na midomo ya kuku, na pembeni pana doa la mkojo wa Mwanaidi wa siku za uchanga. Sikuuosha. Niliogopa ungekatika. Nikautundika juu ya ua, upande wa njiani.

Sikuwahi kuuona umesimama, Salumu. Miaka yote nimeuona chini. Jua likaupiga kwa nyuma likapenya katika ule ulegevu wake niliokuwa nikiucheka, na rangi zikatoka, nyeusi na manjano, zimepangwa kwa upole sana. Alikuwa ameweka njia moja ya nyekundu katikati, nyembamba, imejificha. Ni rangi ya mama yangu. Alikwenda kuiomba kwa mama yangu ili aitie katika mkeka wa harusi yangu, na mimi sikuwahi kuinama nikaiona.

Watu walipita mmoja mmoja. Bwanaheri wa kisimani alipunguza mwendo, akautazama ule mkeka mbovu, akanitazama mimi. Wote wanajua mtaa wetu hautundiki takataka. "Wa nani huu?"

"Wa wifi yangu," nikasema. "Zabibu."

Mashallah hakuisema. Alivua kofia yake, akaishika mpaka alipoupita ua, akaenda.

Bi Mashavu alikuja mwisho, akakaa kwenye kinu chake mbali. Mwanaidi akamwambia kwa sauti kubwa, "Bibi, ule ni mkeka wetu wa mpunga!" Akajibiwa, "Naujua, mwanangu." Kisha mtoto akanigeukia akaniuliza kama mama shangazi atapita kuuona. Nikamwambia alikuwa wa kwanza kuuona. Sikujua jibu jingine.

Watu wamekwisha kupita. Nimeuanua jua lingali juu, nimeukunja, nimeuweka juu ya kitanda upande wako. Nimezisoma karatasi hizi tangu mwanzo. Nilishika kalamu nifute ya mfungo uliopita, pale pa majivu na pale pa tumbo lake. Kisha nimeiweka. Nilikuahidi neno kwa neno, na yeye ni dada yako. Utakaa hapa mlangoni, nami nitakusomea kila kitu, na ukisema niondoke nitaondoka.

Mpunga nimeuanika chini, mchangani.